Zidisha Kidogo, Kitarudi

"Zidisha kidogo, kitarudi." Hayo ndiyo maelezo yote ambayo fundi mchanga hupewa kuhusu kupinda chuma, na kwa kazi nyingi yanamtosha. Fundi nondo anayekunja ringi za milimita 8 haishii nyuzi 90. Anavuta mpaka 92 hivi, anaachia, kona inakaa mraba. Ukimuuliza amezidisha kiasi gani, atakuonyesha msumari alioupigilia mezani: mkono ukifika hapo, basi.

Shida huanza kazi inapobadilika. Leo ringi, kesho bomba la kitalu nyumba, keshokutwa bati la aluminiamu la kuzungushia kaunta ya duka. "Kidogo" ya ringi ni nyuzi 2. Lakini chukua aluminiamu ngumu ya aina ya 6061-T6, unene milimita 1.5, uizungushe kwenye duara la nusu kipenyo cha milimita 50 mpaka nyuzi 90 kamili, kisha uachie. Itabaki na nyuzi kama 55. Nyuzi 35 zimerudi zilikotoka. Hapo msumari wa mezani haukusaidii, na mteja amesimama mlangoni.

Kwenye karakana yetu hapa Dar es Salaam hesabu za namna hii huniangukia mimi, kwa sababu ndiye niliyesoma uhandisi na ndiye nisiyejua kuchomelea vizuri. Nyingi ni za mapinde ya vitalu nyumba, yale mabomba yanayobeba nailoni juu ya nyanya na pilipili hoho. Kadiri ninavyozifanya ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja ambalo wahandisi wenzangu hawalipendi: kanuni ya kutabiri mrejeo wa chuma ni nyepesi, ina herufi chache, na imekuwepo tangu babu zetu. Kinachotushinda si kanuni. Ni kukijua chuma kilichopo mkononi.

Tuanze na kwa nini chuma kinarudi, maana maelezo yanayozunguka mitaani na hata kwenye vitabu kadhaa yana kasoro.

Ukipinda bati, upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa. Katikati kuna tabaka lisilovutwa wala kubanwa. Chuma laini cha kawaida kinaweza kuvutika kama milimita 1.25 kwa kila mita na bado kikarudi chote kikiachiwa. Ukikizidishia hapo kinaanza kutiririka, na kilichotiririka hakirudi. Mkazo unaokifikisha kwenye mpaka huo, kwa chuma laini, ni kama megapaskali 250, yaani nguvu ya nyutoni 250 kwa kila milimita ya mraba. Tuuite kikomo cha mnyumbuko, tuupe herufi Y. Na ukakamavu wa chuma, ule unaobeba jina la Thomas Young, tuupe E. Kwa chuma ni kama megapaskali 200,000, kiwe laini au kigumu, cha nondo au cha bomba. Aluminiamu ni 70,000 tu.

Sasa bati la milimita 1.5 kwenye duara la nusu kipenyo cha 50. Ngozi yake ya nje inavutika milimita 15 kwa mita, mara 12 ya mpaka. Karibu unene wote umetiririka. Tabaka la kati ambalo halijavuka mpaka lina unene wa kama milimita 0.125, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya bati. Wengi husema hicho kiini ndicho kinachorudisha kona, kwa sababu bado "kinataka" kunyooka. Nakataa. Kiini chembamba kiasi hicho, kikiwa katikati kabisa ambako hakina mkono wa nguvu, hakiwezi kuzungusha bati zima. Ukweli ni kwamba hata tabaka lililotiririka milimita 15 bado limebeba mkazo, na ule mkazo una milimita zake 1.25 za kurudisha. Ukiachia, kila tabaka, la nje na la ndani, linarudisha deni lake. Bati zima ndilo linalorudi. Kiini hakina kesi.

Hili si ubishi wa kitaaluma tu. Ukiamini habari ya kiini utadhani kwamba ukipinda kwa nguvu zaidi, kiini kikazidi kuwa chembamba, mrejeo utakwisha. Hauishi. Ukishavuka hatua fulani unakuwa ule ule.

Na hapo ndipo kanuni inapojitokeza. Chukua mpindo kama 1 gawanya kwa nusu kipenyo. Kona kali ina mpindo mkubwa, upinde mpana una mpindo mdogo. Mpindo unaopotea bati likiachiwa ni:

3Y / (E × unene)

Basi. F. J. Gardiner alichapisha Marekani mwaka 1957 umbo lake kamili zaidi, lenye nyongeza ndogo kwa ajili ya kile kiini, na mpaka leo ni miongoni mwa kanuni za mwanzo anazofundishwa mwanafunzi wa kukunja metali. Tazama kisichokuwemo: nusu kipenyo cha kona hakimo. Chuma hakijali umekipinda kiasi gani. Kinachukua mpindo wake ule ule na kuondoka.

Kwa bati letu la 1.5 makato hayo ni 0.0025 kwa milimita. Ukikunja kona ya nusu kipenyo cha 10, nyuzi 90 zinabaki 88. Ukizungusha kwenye 50, zinabaki 79. Ukizungusha kwenye 200, zinabaki 47, nyongeza ya kiini ikihesabiwa. Bati ni lile lile na makato ni yale yale. Kilichobadilika ni urefu wa sehemu iliyopindwa, na kila milimita ya urefu huo inalipa kodi. Ndiyo maana mafundi wa Kamukunji kule Nairobi wanaokunja masanduku ya bati kwa nyundo juu ya reli hawana habari na somo hili. Kona zao zina nusu kipenyo kinacholingana na unene wa bati lenyewe. Makato yapo, ila hakuna urefu wa kuyalipia. Mwenye mashine ya kukunjia bati yenye mfereji wa V naye anafaidi vivyo hivyo: kwa kawaida mfereji huwa na upana wa mara 8 ya unene, na kona inayotoka kwa chuma laini ina nusu kipenyo cha kama sehemu moja ya sita ya upana huo. Anapoteza nyuzi moja hivi, anarekebisha, anaendelea na chai yake.

Anayeumia ni mwenye kazi pana: paa la basi, tangi, kaunta ya mviringo, kitalu nyumba.

Kwa bomba la mviringo kanuni inabadilika sura: 4Y / (π × E × r), ambapo r ni nusu kipenyo cha bomba lenyewe mpaka katikati ya ukuta wake, sio cha upinde. Tazama tena kisichokuwemo. Unene wa ukuta haumo. Wateja wengi, na mafundi wengi, wanaamini kwamba bomba la ukuta mnene hurudi kidogo kuliko la ukuta mwembamba. Kwa bati ni kweli, kwa bomba si kweli, almradi bomba halijabonyea. Ukuta mnene unaongeza nguvu ya kupinda na unaongeza ukakamavu kwa kiasi kile kile, viwili vinafutana. Kinachopunguza mrejeo wa bomba ni kipenyo. Bomba la mraba linafuata tabia hiyo hiyo, namba yake tu ndiyo inayotofautiana kidogo.

(Kwa wapenda samani: kiti cha kwanza cha mbunifu Mart Stam kisicho na miguu ya nyuma, mwaka 1926, hakikupindwa. Alichukua mabomba ya gesi yaliyonyooka akayaunganisha kwa viwiko vya mafundi bomba. Mbunifu Marcel Breuer ndiye aliyekuwa anapinda mabomba kule Dessau, Ujerumani, akiwa amevutiwa na usukani wa baiskeli. Kiwiko hakina mrejeo. Sio njia mbaya, ukiwa na haraka.)

Haya, upinde. Mteja anataka handaki la kitalu lenye upana wa mita 4. Bomba lina kipenyo cha nje cha milimita 25, ukuta 1.5, urefu mita 6 kama linavyouzwa. Nusu kipenyo cha upinde ni mita 2. Kanuni inasema mpindo utakaopotea ni 0.000135 kwa milimita. Upinde wa mita 2 una mpindo wa 0.0005. Jumlisha: inabidi tuupinde mpaka 0.000635, yaani kalibu ya sakafuni iwe na nusu kipenyo cha milimita 1,574. Ili kupata mita 2 unapinda kwenye duara la mita 1 na sentimita 57. Fundi asiyejua hesabu hii akichora kalibu ya mita 2, upinde wake utafunguka mpaka karibu mita 2.75, halafu ataanza kukaza kwa macho, bomba moja moja.

Mpaka hapa mwanafunzi wa mwaka wa pili anafurahi. Namba imetoka, kalibu imechomelewa, bomba la kwanza limekaa vizuri. Kisha linafika bando jingine.

Tuseme bando jipya lina kikomo cha megapaskali 320 badala ya 250. Rangi ile ile, kipenyo kile kile, bei karibu ile ile. Kalibu haijaguswa. Upinde unatoka na nusu kipenyo cha milimita 2,165. Huo unaonekana uzembe mdogo, asilimia 8, mpaka uusimamishe: upana kati ya miguu miwili umetoka mita 4 na kuwa karibu mita 4 na sentimita 26. Mashimo ya msingi yameshachimbwa. Vijana wawili wanauvuta ndani kwa kamba, na unakubali, kwa sababu bomba ni jembamba. Lakini sasa kitalu kizima kimejaa mapinde yanayosukuma nje muda wote, na upepo wa kusi ukija unakuta kazi imeshaanza.

Je, tofauti ya 250 na 320 ni ya kawaida? Ni ya kawaida kabisa, na inaruhusiwa kisheria. Hapa ndipo watu hushangaa. Chuma cha ujenzi cha daraja la S235 katika viwango vya Ulaya kinaitwa hivyo kwa sababu kikomo chake, kwa bidhaa nyembamba, hakipaswi kuwa chini ya 235. Hakuna mahali palipoandikwa kisizidi ngapi. Kuna mpaka wa juu wa mkazo wa kukatika, megapaskali 510, lakini kikomo cha mnyumbuko kimewekewa sakafu bila dari. Kiwanda kikikuletea S235 yenye 340 hakijakudanganya. Mjenzi wa daraja atashukuru, kapewa zaidi ya alicholipia. Sisi wapindaji tumeharibiwa kazi kwa ukarimu.

Linganisha na mabati yaliyopitishwa kwenye roli bila moto, ya kuvuta maumbo, yale ya miili ya magari na masufuria. Kiwango cha DC01 kinasema kikomo kisizidi 280, DC04 kisizidi 210. Kwao dari ndiyo muhimu, kwa sababu waliokiandika walikuwa wanafikiria kupinda na kuvuta. Viwango viwili, hofu mbili. Mtu anayenunua bomba la ujenzi ili alipinde amenunua ahadi ya mtu mwingine.

Bomba lina mambo yake zaidi. Mengi tunayouziwa yalianza kama utepe bapa, ukakunjwa kuwa mviringo na kuchomelewa kwenye mshono. Kule kukunjwa kiwandani tayari kumeshalikaza chuma, hivyo kikomo cha bomba ni kikubwa kuliko cha utepe uliolizaa, na cheti cha kiwanda kikitaja utepe hakikuhusu. Mshono wenyewe ni mgumu kuliko ukuta. Uweke kwenye ubavu, katikati ya nje na ndani ya upinde, mahali pasipovutwa sana. Ukiwa kila bomba umekaa mahali pake, na mrejeo nao utakaa mahali pake.

Kuna mzee tunafanya naye kazi, fundi wa mabomba tangu enzi za viwanda vya serikali. Nilipomletea karatasi ya hesabu aliitazama kwa heshima, akairudisha.

"Mwanangu, hiyo karatasi inajua bomba hili limetoka wapi?"

"Haijui, mzee wangu."

"Basi ngoja nilishike kwanza."

Alishika kishikio cha mashine, akavuta kidogo, akaachia. Akavuta tena. "Hili kavu kuliko la juzi," akasema, yaani ni gumu zaidi kulipinda, na akasogeza kizuizi mbele kwa upana wa kidole. Upinde ukatoka sawa.

Ningeweza kuisimulia hii kama hadithi ya uzoefu kushinda vitabu, lakini sivyo ninavyoiona. Mzee alipima. Nguvu aliyoisikia kwenye mkono ni ule ule mzigo wa kupinda ambao, ukiugawanya kwa ukakamavu wa bomba, unakupa mpindo utakaorudi. Hakuna kipimo kilicho karibu zaidi na mrejeo kuliko hicho. Mashine za kisasa za Ulaya na Japani zinafanya vivyo hivyo: zinasoma nguvu wakati wa kupinda, au zinaachia kidogo katikati ya kazi, zinatazama pembe kwa leza, kisha zinamalizia. Kuvuta, kuachia, kuvuta tena.

Kwa hiyo nikaomba ruhusa nifunge mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia, kwenye ncha ya kishikio. Kwa bomba letu la 25 kwa 1.5 na mkono wa mita 1.5, chuma cha 250 kinapaswa kusoma kama kilo 14. Chuma cha 320 kinasoma 18. Tofauti ya kilo 4 inaonekana hata kwenye mizani ya bei rahisi, na inakuja kabla hujaharibu bomba. Mzee aliitazama mizani akasema imechelewa kuzaliwa.

Ila mkono una mtego, na mizani inao pia. Nimeshasema unene wa ukuta hauingii kwenye mrejeo wa bomba. Unaingia kwenye nguvu. Bomba la ukuta mnene litausumbua mkono, mkono utadhani ni kavu, fundi atazidisha, na upinde utatoka umebanwa. Kwa bati mtego uko kinyume: bati jembamba linapindika kwa urahisi, mkono unasema ni laini, kumbe ndilo litakalorudi zaidi. Dawa ya mtego wa bomba ni kulipima uzito kabla. Bomba la mita 6 la 25 kwa 1.5 lina kilo 5.2. Likiwa na kilo 4.2 ujue umeuziwa ukuta wa 1.2, na hilo ni jambo la kwenda kuzungumza na muuza duka kabla ya kuzungumza na kalibu. Uzito unakupa ukuta, mizani ya kishikio inakupa nguvu, na kutoka hizo mbili unakipata kikomo. Cheti hakihitajiki.

Huwa naulizwa kwa nini nisitumie programu za uigaji, zile zinazochora upinde kwa rangi kwenye skrini. Zipo, na viwanda vya magari haviwezi kuishi bila hizo. Lakini ziliwatoa jasho hata wao. Mwaka 1993 mkutano wa NUMISHEET, wa wanaoiga kukunja bati kwa kompyuta, nchini Japani uliwapa washiriki fumbo ambalo mtoto anaweza kulichora: utepe wa bati unavutwa juu ya kona mbili kuwa umbo la U, kisha unaachiwa, kuta zake zitajipinda kiasi gani? Majibu ya kompyuta yalitawanyika vibaya. Sababu ni kwamba bati linapopita kwenye kona linapindwa na kunyooshwa papo hapo, na chuma kilichotiririka upande mmoja hutiririka mapema zaidi ukikigeuza. Johann Bauschinger aliligundua hilo Munich katika miaka ya 1880, lakini kulitia kwenye kompyuta ni shughuli nyingine. Fusahito Yoshida na Takeshi Uemori walitoa mwaka 2002 mfumo wa hesabu unaotumika sana leo, na ndani yake kuna hata jambo la kuudhi zaidi: E, ile namba niliyosema haibadiliki, inapungua kidogo chuma kinapoachiwa baada ya kuvutwa sana.

Hawakuwa na budi. Gari likihitaji kuwa jepesi, bati linakuwa jembamba na chuma kinakuwa kikali, na vyote viwili viko upande mbaya wa kanuni yetu: Y juu, unene chini. Chuma cha kisasa cha nguzo za gari chenye kikomo cha 700 kinarudi karibu mara 4 ya chuma laini cha 180 kwa unene ule ule. Wahandisi wao huchonga kalibu yenye umbo lisilo sahihi kwa makusudi, iliyopotoka kinyume na mrejeo, kama sisi na ile mita 1.57, ila kwa uso mzima wenye mamia ya mikunjo.

Kwa upinde mmoja wa bomba sihitaji hayo. Bomba langu linapindwa mara moja, upande mmoja, halinyooshwi. Makosa ya kanuni ya Gardiner na jamaa zake hapo ni madogo kuliko kutokujua kwangu Y. Kununua programu ya mamilioni na kuilisha namba 250 ya kubahatisha ni kununua desimali za uongo.

Kuna wanaokwepa utabiri kabisa, na wana haki. Ukivuta bati kwa ncha mbili huku ukilipinda, mpaka hata upande wa ndani unavutika, matabaka yote yanabeba mkazo unaokaribiana na mrejeo unabaki mdogo sana. Ngozi za ndege hutengenezwa hivyo. Njia ya mtaani ni moto. Bomba linajazwa mchanga, linazibwa, linachomwa mpaka jekundu, linapindwa. Chuma chekundu kina Y ndogo, mrejeo unakaribia sifuri, na mchanga unazuia kubonyea. Ni njia nzuri kwa kona chache za geti. Mchanga uwe umekaushwa kabisa, maana maji yaliyofungiwa ndani ya bomba jekundu yanakuwa mvuke na kizibo kinaruka kama risasi. Na bomba lililopakwa zinki usilipeleke motoni kwenye kibanda kilichofungwa. Moshi wake mweupe utakulaza na homa usiku huo huo. Vitalu nyumba tunavyotengeneza karibu vyote ni vya bomba la zinki, kwa hiyo moto kwangu si jibu.

Kwa anayetumia mashine ya kona, ya kupinda usukani wa pikipiki, keria au mikono ya ngazi za stenlesi, kuna njia fupi kuliko mizani. Pinda kipande kimoja nyuzi 20 na kingine nyuzi 120 kwa kipimo cha mashine, achia, pima vilivyobaki. Weka nukta mbili kwenye karatasi, unganisha kwa rula. Kila pembe utakayoitaka kati ya hapo iko kwenye mstari huo. Mashine nyingi za kompyuta zinajipanga hivyo hivyo. Mstari hautaanza sifuri, na usishtuke: kile kipande cha mwanzo ni ulegevu wa mashine yenyewe na sehemu za bomba zilizopinda bila kutiririka, mteremko ndio chuma. Ukibadilisha bando, ulegevu unabaki, mteremko unabadilika, kwa hiyo mara ya pili kipande kimoja kinatosha. Kwa stenlesi fanya upya vyote, kwa sababu inakazana kadiri unavyoipinda na mstari wake haunyooki vizuri kwenye pembe kubwa.

Kwa bati, kata utepe, uzungushe kwenye kitu cha mviringo unachokijua, uachie, upime upana wa upinde (c) na kina chake (s). Nusu kipenyo ni c² gawanya kwa 8s, jumlisha nusu ya s. Utepe wa chuma laini wa 1.5 uliozungushwa kwenye 150 unatakiwa utoke na kama 237, nyongeza ya kiini ikihesabiwa. Ukitoka na 260, bando lako ni kavu, na sasa unajua kwa kiasi gani. Aluminiamu ipime tena kesho yake. Baadhi ya aina zinaendelea kufunguka kwa saa nyingi baada ya kuachiwa.

Yote haya yanakula chuma, na chuma kina bei. Kwenye makadirio ninayomwandikia mteja kuna mstari unaosema "bomba la majaribio, moja kwa kila bando". Karibu kila mteja anauwekea kidole. Huwa namwonyesha hesabu ya ile sentimita 26, anaguna, anauliza kama bomba la majaribio likishapindwa atapewa yeye. Anapewa. Wengi wanaotesha pasheni juu yake.